Halojeni zianzie kwenye chumvi jamani, sio kwenye silva naitreti

Muulize mwanafunzi wa form four hapa Mbeya habari za halojeni, lile kundi la florini, klorini, bromini na iodini, atakutajia rangi bila kuvuta pumzi: silva naitreti, ile kemikali ya kuzipimia, ikikutana na kloraidi mashapo meupe, bromaidi rangi ya krimu, iodaidi njano, ile nyeupe inayeyuka kwenye amonia na ile njano haiyeyuki hata ufanyeje. Maksi anapata. Ila hiyo silva naitreti kuiona kwa macho ni bahati, ni ghali, shuleni kwetu kachupa kalikuwa kanafungiwa kabatini kusubiri mtihani wa taifa.

Mimi naona tunaanzia pabaya, maana huku kwetu mada hii watu wameibeba shingoni. Wazee wa Iringa, Njombe na Mbeya wanalijua rovu, ule uvimbe wa shingoni, vizuri sana. Mvua za milimani zinaosha iodini kwenye udongo miaka na miaka, mahindi na maharage yanayoota hapo yanakosa, na wewe unayekula unakosa, basi tezi ya shingoni inavimba ikihangaika kunasa hicho kidogo kinachopita. Na wala hatuhitaji nyingi, mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku, haifiki hata robo ya miligramu! Ndo maana tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, yaani hiyo hiyo iodini.

Sasa hapo ndo kemia inanoga. Kwenye kundi hili ukishuka kutoka florini kwenda iodini atomu inazidi kuwa kubwa, kwahiyo florini inapora elektroni kwa yeyote na iodini imepoa, ila ukigeukia ioni zao, yaani atomu zilizoshapata elektroni ya ziada, mambo yanapinduka, floraidi haiachii elektroni hiyo kabisa wakati iodaidi ni nyepesi kuiachia. Mwagia asidi kali ya salfyuriki kwenye chumvi ya kawaida utapata mvuke wa haidrojeni kloraidi tu, mwagia kwenye potasiamu iodaidi unatoka mvuke wa zambarau na harufu ya mayai viza juu. Iodaidi ikikaa kwenye chumvi yenye unyevu, na fikiria unyevu wa Tukuyu, oksijeni ya hewani inaipora elektroni polepole, inageuka iodini, inapaa. Ndo sababu huku tunawekewa potasiamu iodeti, hiyo imeshaporwa tayari, inavumilia zaidi.

Inavumilia, lakini sio kwa ule utaratibu wetu wa kuacha gunia wazi juani sokoni likinyeshewa na kukauka, halafu nyumbani kuna mtu anaiosha chumvi ya mawe kabla ya kuipika, yani unaosha kile kile ulichokinunua. Hilo linanikera kuliko mwanafunzi kusahau rangi ya bromaidi.

Mwalimu anayelia hana vifaa achukue kiazi mviringo, si ndo zao letu, akikate, adondoshee ile dawa ya iodini ya vidonda ya duka la dawa. Kile kihudhurungi kinageuka bluu-nyeusi hapo hapo kwa sababu ya wanga. Kisha tone la jiki juu yake: weusi unaanza kufifia kuanzia pembeni, kiazi kinarudi cheupe, maana klorini ya kwenye jiki imeisukuma iodini mpaka ikawa iodeti, familia ile ile ya iliyomo kwenye pakiti ya chumvi. Mwanafunzi akishaona hivyo, mwambie sasa klorini ina nguvu kuliko iodini, hutahitaji kumkaririsha.

Ila fanyeni nje, matone tu, na jiki isikutane kabisa na ndimu wala dawa ya choo yenye asidi, hapo inatoka gesi ya klorini yenyewe, ile ile Wajerumani waliyoifungulia kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia.