Faye Wong anapoyaacha maneno

Kichina changu hakizidi salamu na kuhesabu hadi kumi, lakini albamu ninayoirudia kuliko zote ni ya Kichina: Fuzao ya mwimbaji Faye Wong, ya mwaka 1996. Rafiki zangu hunicheka. Unasikiliza nini na huelewi kitu? Nawajibu kwamba hata Mchina haambulii maneno mengi humo. Wimbo uliobeba jina la albamu una mistari michache tu, kuhusu Septemba na mtu aliyechoka kwa kukosa hata shida ya kumsumbua. Baada ya hapo ni silabi tupu, la-cha-bo, ambazo hazina maana kwa lugha yoyote.

Uzito wa jambo hilo huuoni mpaka urudi nyuma, Hong Kong. Faye alizaliwa Beijing mwaka 1969, akahamia Hong Kong 1987, na 1989 akatoa albamu ya kwanza kwa jina la kupachikwa, Shirley Wong. Soko la pale lilitaka nyimbo za Kikanton, na Kikanton si lafudhi tu ambayo mtu wa Beijing ataizoea kwa wiki mbili. Ikizungumzwa, kwake ni lugha ya kigeni.

Tena ni lugha ya toni, sita kwa hesabu ya kawaida. Kununua ni maai, na kuuza ni maai. Kwenye kununua sauti inapanda. Kwenye kuuza inatulia palepale chini. Sasa mwonee huruma mtunzi wa maneno, kwa sababu desturi ya Hong Kong ni lahani kutangulia. Analetewa lahani iliyokwisha kukamilika, naye atafute maneno ambayo toni zake zinapanda na kushuka pamoja nayo, la sivyo aliyekusudia kununua atasikika anauza. Katika taarabu tumezoea zaidi kinyume chake: shairi linakuja na vina na mizani yake, ndipo linatafutiwa mahadhi. Lin Xi, aliyemwandikia Faye nyimbo chungu nzima, ni fundi wa kazi hiyo ngumu, na mimi namheshimu kama ninavyowaheshimu malenga wetu.

Wimbo uliompandisha Faye mwaka 1992 ulikuwa lahani ya Mjapani Miyuki Nakajima iliyovishwa maneno ya Kikanton. Wakati ule Hong Kong ilikopa sana Japani, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Lakini 1994, mwaka aliporudia jina lake, alikopa kwingine: kwa Cocteau Twins, bendi ya Scotland ambayo mwimbaji wake, Elizabeth Fraser, alizoea kuimba vitu visivyoshikika, nusu neno, nusu pumzi. Nadhani hapo ndipo Faye alipogundua kwamba inaruhusiwa.

Fuzao ilikuja miaka miwili baadaye, kwa Kimandarini, lugha yake ya nyumbani. Kimandarini nacho kina toni, ila ukiimba unaweza kuzipuuza na watu wakakuelewa. Kati ya nyimbo 10, Cocteau Twins walimtungia 2. Lahani 8 ni zake mwenyewe, na wanamuziki wenzake Dou Wei na Zhang Yadong wakamsaidia kuzijenga. Mimi naisikia kama kazi ya mtu aliyetoka chumba cha mtihani. Halazimishi sauti. Ikitoka kifuani kwenda kichwani inavunjika kidogo, naye anauacha ule ufa usikike badala ya kuupaka rangi. Waimbaji wengi wenye sauti kubwa hawawezi hilo. Wakiona nafasi wazi lazima wapige kelele.

Wajuzi huniambia niache ubishi, kazi bora ni Fable ya mwaka 2000. Nusu yake ya kwanza ni nyimbo tano alizotunga Faye zikifuatana kama hadithi moja, na maneno ya Lin Xi yamejaa fikra za Kibuddha, ingawa wimbo mmojawapo unaitwa Chanel (ndiyo, wale wa manukato). Ni nzuri, sikatai. Shida yangu ni kwamba maneno yamerudi na vyeo vyao vyote, na mimi mbumbumbu wa Kichina nimebaki tena mlangoni. Kwenye Fuzao tuliingia wote.

Tangu 2003 hajatoa albamu nyingine kamili ya nyimbo mpya. Mashabiki wanalalamika, mimi sina haraka. Wimbo wa mwisho wa Fuzao umepewa jina la Yesanpo, eneo la milima katika jimbo la Hebei, na mpaka leo sijui kulitokea nini huko. Nimewahi kupata nafasi ya kumuuliza mtu anayejua Kichina vizuri. Sikumuuliza.