Tuache kuibembeleza miguu, tuipe kazi

Siku hizi mtu akisema tu magoti yanamuuma au kiuno kinamsumbua, ushauri wa kwanza anaopewa ni anunue viatu laini zaidi, au zile soli za kuchomeka ndani, na mimi kwa kweli ushauri huo unanichosha. Kuna watu unawasaidia kabisa, sikatai, ila tunaanzia mwisho. Tunauliza mguu uvalishwe nini kabla hatujauliza wenyewe unaweza kufanya nini.

Hebu jaribu hapo ulipo. Vua viatu, simama, inua kidole gumba cha mguu peke yake, vile vinne vibaki chini. Alafu geuza, gumba libaki chini vinne viinuke. Watu wengi wakijaribu wanabaki wanavikodolea macho vidole na vidole havisogei kabisa. Sio ugonjwa huo, ni kwamba vimebanwa miaka na miaka kwenye viatu vyembamba mbele, hakuna aliyewahi kuvituma chochote. Mkono ukifungwa plasta wiki kadhaa unatoka umesinyaa na hakuna anayeshangaa, sasa kwa nini tunashangaa mguu kuwa dhaifu?

Unyayo mmoja una mifupa 26. Nyayo zote mbili ni 52, na mwili mzima wa mtu mzima una 206, yaani robo ya mifupa yako yote iko huko chini, na maungio 33 kila upande, na misuli midogo midogo inayoanzia humo humo na kuishia humo humo. Kinachonivutia zaidi ni ule upinde wa ndani wa unyayo, maana watu wanadhani unatakiwa ukae vile vile muda wote, kumbe unapokanyaga unashuka kidogo kupokea uzito, alafu kisigino kikiinuka na gumba likijikunja kwenda juu ule utando mgumu wa chini ya unyayo unavutika, upinde unapanda, mguu unakaza ili ukusukume mbele. Mtafiti J. H. Hicks alishaielezea hii tangu mwaka 1954. Sasa gumba lisipojikunja vizuri mwili hauachi kutembea, unatafuta njia nyingine, mara mguu unageukia nje, mara goti linaingia ndani, na nyonga nayo inafuata.

Ndio maana mimi siamini sana habari ya kujikaza eti kifua mbele mabega nyuma kutwa nzima. Hakuna mkao mmoja mtakatifu. Mkao wowote ukikaa nao saa nne utakuchosha hata uwe mzuri vipi, dawa ni kubadilisha, kaa chini sakafuni, inuka bila kushika kitu, chuchumaa kama magoti yanaruhusu, tembea kidogo, rudi. Mwili unajipanga ukiwa unasogea.

Kuhusu watoto naomba wazazi wanisikilize kidogo. Mtoto mdogo kuwa na nyayo bapa ni kawaida, upinde unajengeka taratibu kadiri anavyokua. Mwaka 1992 watafiti wa India, Rao na Joseph, walichapisha matokeo ya kupima alama za nyayo za watoto 2,300, na kati ya wanaovaa viatu wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6, wasiovaa asilimia 2.8. Utafiti mmoja hauwezi kufunga mjadala, lakini kwangu unatosha kumwacha mtoto acheze peku mahali salama badala ya kukimbilia kumchomekea soli. Akilalamika maumivu, au mguu mmoja ukiwa tofauti na mwenzake, au umekakamaa, hapo mpeleke kwa daktari.

Ila sasa kuna upande wa pili na wenzangu wanaopenda mambo ya asili wanaurukia. Kila mtu anamtaja Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku, ni kweli kabisa, lakini mwaka 1964 Tokyo alishinda tena na safari hii alivaa viatu. Miguu ilikuwa ile ile, imara kabla ya kiatu na imara ndani ya kiatu. Mtu aliyevaa viatu vinene miaka ishirini akisoma habari hiyo leo kesho anatoka kukimbia peku kwenye lami, anajitafutia ufa kwenye mifupa ya unyayo, maana misuli inazoea mapema lakini mifupa na kano zinachelewa. Anza na dakika chache ndani ya nyumba, ongeza polepole kwa miezi. Vigimbi kuchoka sawa, lakini maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa, simama. Na mwenye kisukari ambaye miguu imeshaanza kufa ganzi asitembee peku kabisa, anaweza kukanyaga kitu chenye ncha na asijue mpaka kidonda kimeharibika.

Viatu vyenyewe, toa ile soli ya ndani uisimamie, vidole vikimwagika nje ya ukingo basi kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama namba ni yako. Kisigino cha juu kila siku kinafupisha misuli ya vigimbi, ukiacha acha kidogo kidogo.

Na wale ambao hatua za kwanza asubuhi kisigino kinachoma, msiishie kwenye kukanda tu. Kunja taulo, liweke chini ya vidole ukiwa umesimama ukingoni mwa ngazi, shika kitu usidondoke, inua kisigino kwa kuhesabu tatu, baki juu mbili, shuka tatu, siku moja fanya siku moja pumzika, ukizoea ongeza uzito mgongoni. Miezi mitatu ikipita bila nafuu muone mtaalamu wa tiba ya viungo akuangalie unavyotembea, na ubebe viatu unavyovaa kila siku, avione soli zimelika upande gani.