Pointi zilipie kitanda, si kiti cha ndege

Kila likizo ya machipuko inapokaribia, wazazi wengi wanaoishi Marekani hufungua akaunti zao za pointi, yaani zawadi za kadi za mkopo, ndege na hoteli zinazoweza kulipia safari, na kuuliza: hizi zitatufikisha wapi? Kwa familia yenye matineja, ni afadhali kuuliza zitatulaza wapi. Kusafiri na mtoto wa miaka 15 ni kusafiri na mtu mzima. Ndani ya Marekani, mtoto hupakatwa bure kwenye ndege mpaka afikishe miaka 2. Kuanzia hapo anahitaji kiti chake, kilipiwe kwa dola au kwa pointi. Treni za Amtrak humpunguzia nusu wa miaka 2 hadi 12, akifika 13 analipa kama baba yake. Chumba cha hoteli chenye vitanda viwili vikubwa, kwa upande mwingine, hulaza watu wanne kwa bei moja ya pointi. Msimamo wangu ni huo: pointi zilipie chumba, na safari ya kwenda ifanyike kwa njia rahisi iliyopo, hata kama ni gari lenu wenyewe.

Kuna sababu ya pili. Mashirika ya ndege ya Southwest, Delta na United hupanga bei ya pointi kwa kufuata bei ya tiketi. Wiki ambayo shule zimefungwa, tiketi hupanda na pointi hupanda nazo, kwa hiyo umekusanya mwaka mzima ili ulipe bei ya juu kabisa. Upande wa hoteli, kampuni ya Hyatt bado huchapisha jedwali la pointi kwa kila daraja la hoteli. Usiku wa msimu wa watu wengi hugharimu zaidi, lakini kuna kikomo, ilhali bei ya dola haina kikomo. Marriott na Hilton hazina jedwali la namna hiyo, ila zina faida nyingine: Marriott humpa mwanachama yeyote usiku wa tano bure akilipa wote kwa pointi, na Hilton hufanya hivyo kwa wanachama wa daraja la Silver kwenda juu.

Tuchukue familia ya watu wanne kutoka Columbus, Ohio, inayotaka kwenda Washington kwa siku nne. Tuseme tiketi za ndege ni dola 320 kila mmoja, jumla 1,280. Pointi ya Southwest ikiwa na thamani ya senti 1.3 hivi, viti vinne vitakula pointi karibu 98,000. Sasa tuseme chumba ni dola 230 kwa usiku pamoja na kodi, au pointi 12,000. Usiku nne ni dola 920 au pointi 48,000. Chukua bei ya dola, toa ada yoyote utakayolipa hata ukitumia pointi, zidisha kwa 100, gawanya kwa idadi ya pointi: unapata senti 1.9 kwa kila moja. Pointi hizo hizo zikiwa bado kwenye benki ya Chase, kabla hujazihamishia hotelini, ukizigeuza kuwa fedha taslimu zinakupa senti 1 tu. Ikiwa hesabu yako inashuka karibu na senti 1, lipa kwa dola na uziache pointi zikae.

Barabarani, kutoka Columbus ni maili 400 na ushei, kama saa saba ukihesabu kusimama. Ramani ya simu huenda ikakupeleka Pennsylvania Turnpike, ambako utatozwa ushuru wa barabara. Shika I-70 hadi Washington ya Pennsylvania, teremka I-79 mpaka Morgantown, kisha I-68 kupitia milima ya Maryland hadi Hancock, rudi I-70 hadi Frederick na umalizie I-270. Hakuna kituo cha ushuru. Gari linalokwenda maili 28 kwa galoni litahitaji galoni 30 hivi kwenda na kurudi. Kwa dola 3.20 kwa galoni, ni chini ya dola 100 kwa watu wanne.

Washington nimeichagua kwa makusudi. Safari ya matineja haivunjwi na hoteli, inavunjwa na viingilio. Makumbusho ya Smithsonian hayana kiingilio, na bustani yao ya wanyama pia. Ukiupeleka ukoo Orlando, chumba cha bure hakikusaidii sana, maana mlango wa bustani za michezo utazimeza dola zote ulizookoa kitandani.

Bure haina maana ya kuingia tu ovyo. Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa 2016, yanahitaji pasi yenye saa maalumu. Pasi hutolewa kwenye mtandao siku 30 kabla, na nyingine chache hutoka siku hiyo hiyo saa mbili na robo asubuhi. Makumbusho ya Ndege na Anga ya pale National Mall, uwanja wa nyasi katikati ya jiji, nayo yanataka pasi. Kazi hii mpe tineja mmoja, awe na kengele kwenye simu yake. Wana vidole vyepesi kuliko sisi, na mtoto aliyeitafuta pasi mwenyewe halalamiki sana akifika.

Mahali pa kulala ndipo wengi wanapopotea. Hoteli ya katikati ya jiji inaweza kukutoza dola 50 au zaidi kwa usiku kwa maegesho peke yake, na pointi hazifuti malipo hayo. Baadhi pia zina ada ya kila siku inayoitwa ya huduma: Hyatt na Hilton haziitozi kwa usiku uliolipiwa kwa pointi zote, Marriott huitoza. Tazama upande wa Reston na Herndon, Virginia, ambako hoteli nyingi ni za wafanyakazi wa maofisini, hivyo mwishoni mwa wiki huwa nafuu na mara nyingi maegesho ni bure. Treni ya Metro ya mstari wa fedha inatoka huko moja kwa moja hadi kituo cha Smithsonian bila kubadilisha.

Metro yenyewe ina mtego. Siku za kazi nauli hufuata umbali, na kutoka Reston inaweza kukaribia dola 7 kwa mtu. Watu wanne, kwenda na kurudi, ni zaidi ya dola 50 kwa siku. Jumamosi na Jumapili nauli haizidi dola 2.50, yaani dola 20 kwa familia nzima. Kwa hiyo fikeni Ijumaa usiku, jiji mlimalize Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu muwashe gari kwenda Udvar-Hazy huko Chantilly, karibu na uwanja wa Dulles. Hilo ni tawi la Ndege na Anga: kuna ndege ya Concorde, kuna chombo cha anga Discovery, kiingilio bure, maegesho dola 15. Jumanne mnarudi. Kila msafiri awe na kadi yake ya Metro au kadi ya benki ya kugusa. Kadi moja haiwapitishi wanne.

Kuhusu chakula, chagua hoteli inayotoa chai ya asubuhi bure hata kwa anayelipa kwa pointi, kama Embassy Suites, Homewood Suites, Residence Inn au Hyatt House. Mvulana wa miaka 16 anaweza kula asubuhi chakula ambacho mgahawani kingekuwa dola 18. Mchana bebeni mikate mle kwenye nyasi za Mall. Mikahawa ya ndani ya makumbusho ina bei za watalii. Jioni moja tafuteni mgahawa wa Kihabeshi, jiji limejaa, na sinia moja la injera hushibisha kwa bei ya haki. Ukitenga dola 90 kwa siku kwa chakula cha mchana na jioni, mafuta 100, Metro 40 na maegesho 15, safari nzima ni kama dola 515.

Pointi zenyewe zipatikane bila kujiumiza. Bonasi ya pointi ya kadi mpya ya mkopo kwa kawaida hudai utumie kiasi fulani ndani ya miezi mitatu, na huingia baada ya taarifa ya mwezi kutoka. Kwa safari ya Machi, kuomba kadi Desemba ni kuchelewa. Julai au Agosti ni salama. Chase huwa hawampi kadi aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. Deni la dola 5,000 kwa riba ya 22% hukula karibu dola 92 kwa mwezi, kwa hiyo asiyeweza kulipa salio lote kila mwezi aachane na mchezo huu kabisa. Na tahadhari kwa sisi tunaotuma pesa nyumbani: ukituma kwa kadi ya mkopo ili ufikishe kiwango cha bonasi, benki nyingi huhesabu kuwa umetoa fedha taslimu. Unatozwa ada, riba inaanza siku hiyo hiyo, na pointi hupati hata moja.

Usihamishe pointi kutoka benki kwenda hotelini kabla hujakiona chumba kwenye tarehe zako, kwani zikishahama hazirudi. Tafuta ukiwa umeandika watu wazima wanne, maana ukiandika wawili mfumo unaweza kukupa kitanda kimoja kikubwa. Familia ya watu watano itafute chumba chenye kochi la kukunjua, na ihakikishe kinapatikana kwa pointi za chumba cha kawaida. Kama pointi za baba na za mama ziko mbalimbali, Hilton huruhusu kuziunganisha bure. Hyatt pia, ila kwa masharti ya muda, basi msingoje wiki ya mwisho.

Wakati bonasi haijaingia, shika chumba kwa bei ya dola inayoweza kufutwa, kisha ukibadilishe pointi zikifika. Soma siku ya mwisho ya kufuta: kuna hoteli za saa 24, kuna za siku tatu. Hilo lina uzito zaidi Washington kuliko kwingine. Oktoba 2025, Bunge liliposhindwa kupitisha bajeti, makumbusho ya Smithsonian yalifungwa tarehe 12 na hayakufunguliwa hadi katikati ya Novemba. Kama tarehe ya kukwama kwa bajeti inaangukia karibu na likizo yenu, weka ukumbusho kwenye simu siku moja kabla ya mwisho wa kufuta, na uwe umeshaangalia Chicago au Philadelphia kuna vyumba vya pointi ngapi.