Injini ya boda kwenye fremu ya kwadi: hesabu isiyoanzia kwenye injini

Mwenye kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne, za kukodisha watalii Nungwi au Diani, na mwenye shamba aliyenunua moja kuukuu ya kubebea madumu ya maji, wote siku moja hujikuta pabaya. Fremu ipo, matairi bado yanashika upepo, injini imekufa. Pistoni ya Yamaha au Honda ya miaka ya 1980 haipo dukani. Ukiiagiza, inafika kwa bei ya kukatisha tamaa, na nyuma yake zinafuata gasketi, ringi na koili. Hapo ndipo fundi anapofuta mikono na kusema: "Bosi, tufunge ya boda tu."

Ushauri huo si wa kipuuzi. Injini nyingi za Kichina zinazosukuma bodaboda zetu ni uzao wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambako chombo hupakiwa kupita kiasi na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Valvu zake husukumwa kwa fimbo, hakuna cheni ya kupanda hadi juu ya silinda, na fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga bila kitabu. Spea zake zinapatikana hata senta ambayo haina duka la dawa. Kwa anayetaka chombo kitembee kesho asubuhi, hoja hiyo ni nzito.

Wanaopinga huwa wanasema "haitakuwa orijino," na hapo hujiharibia wenyewe, kwa sababu uorijino haubebi maji. Hoja yao ya kweli iko kwingine: injini ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Ugumu uko kwenye kila kitu ambacho injini ile ilikuwa imeshikamana nacho.

Anza na jinsi nguvu inavyofika nyuma. Kwadi za kazi kama Honda TRX300, iliyouzwa kuanzia 1988 hadi 2000, zinatumia shafti, fimbo inayozunguka badala ya cheni, na krenki ya injini, mhimili unaozungushwa na pistoni, imelazwa kwa urefu wa chombo. Injini ya boda krenki yake imekaa kwa upana, na mlango wake wa kutolea nguvu ni sproketi, gurudumu la meno la cheni, upande wa kushoto. Kuzikutanisha hizo mbili kunahitaji giaboksi ya kupindisha mwendo kwa pembe mraba, na ukishafika kwenye kuichonga hiyo, pistoni ya kuagiza imeshageuka kuwa rahisi. Kwa kwadi ya shafti, mimi nipo upande wa wapinzani bila kusita.

Kwadi ya cheni ndiyo yenye mjadala. Hapa watu hukosea mapema, kwenye cheni yenyewe. Boda nyingi hutumia cheni ya 428, ambayo pini hadi pini ni milimita 12.7. Kwadi nyingi hutumia 520, milimita 15.875. Sproketi ya mbele ya boda na ya nyuma ya kwadi haziwezi kula cheni moja, hata fundi akiapa. Mojawapo lazima itafutwe upya au ichongwe, kisha zote mbili zikae mstari mmoja. Zikipishana milimita chache tu, cheni italika upande na siku moja itaruka ukiwa mlimani. Na sproketi ya mbele ikikaa mbali na pale mkono wa nyuma, ule unaobeba ekseli, unapobembea, cheni itakaza na kulegea kila ukipita shimo. Hilo halionekani chombo kikiwa juu ya mawe gereji. Linaonekana mtu akishakikalia.

Halafu kuna joto. CG125 ina nguvu za farasi zisizozidi 11 hivi na hupozwa na upepo wa safari. Kwenye boda inayokimbia lami, upepo upo. Kwenye kwadi nzito inayosaga mchanga kwa gia ya kwanza, upepo haupo, na kazi ni kubwa zaidi. Dawa yake ni sproketi kubwa ya nyuma: chombo kinapoteza mbio, injini inapumua. Anayetaka zaidi ya hapo aangalie injini za zile pikipiki za mizigo za matairi matatu, toyo au guta, ambazo baadhi zina rejeta na feni. Wazo zuri, lakini rivasi ya toyo kwa kawaida haimo ndani ya injini. Ipo kwenye giaboksi ya pembeni au huko kwenye ekseli, kwa hiyo ukichukua injini peke yake umeiacha rivasi gereji.

Wapo wanaotoa mfano wa Marekani, ambako miaka ya mwanzo ya 2000 washindani wa mbio walikuwa wakifunga injini ya pikipiki ya motokrosi, Honda CRF450R, kwenye kwadi za zamani za Honda TRX250R, mtindo uliovuma kabla Honda haijatoa kwadi yake ya TRX450R ya mwaka 2004. Mfano sawa, ila wausome hadi mwisho. Wengi wa watu wale waliishia kununua fremu iliyotengenezwa upya kwa ajili ya injini hiyo, kwa sababu fremu ya zamani haikuundwa kuibeba.

Fremu zetu zina tatizo jingine, chumvi. Bomba la fremu iliyokaa pwani huoza kuanzia ndani. Rangi inang'aa, nyundo ikigonga unasikia mlio mfu. Ukichomelea mabano mapya hapo na kuifunga injini inayotetemeka bila raba, ufa utaanzia kando ya weldi. Kama fremu haijapita mtihani wa nyundo, mjadala wa injini haujaanza.

Karatasi nazo zisisahaulike: kadi ya usajili ina namba ya injini. Chombo kilichosajiliwa kikibadilishwa moyo bila kadi kufuata, trafiki na bima watakuwa na la kusema, na mnunuzi pia.

Lililobaki ni dogo kwa macho, na ndilo lililoniamulia. Kwadi nyingi za zamani za kazi hazina klachi ya mkono. Wenzo wa kushoto ni breki ya nyuma. Ukifunga injini ya boda, wenzo huo unakuwa klachi na breki ya nyuma inahamia mguuni peke yake. Sasa mfikirie mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, hajawahi kuendesha chochote zaidi ya gari la otomatiki, anaambiwa: klachi kushoto, gesi ni kidole gumba, breki mguuni, rivasi hakuna, ukikwama shuka usukume. Kwa biashara ya kukodisha, nasema hapana. Mwenye shamba ni habari nyingine. Njia yake ni ileile kila siku, kisimani na kurudi, mwendo wa jongoo, na akikwama ana vijana wa kusukuma.