Amri Ilitoka Juu, Kesi Ikaishia Chini

Asubuhi ya tarehe 16 Machi 1968, rubani wa helikopta wa jeshi la Marekani, Hugh Thompson, alikuwa akiruka chini chini juu ya vijiji vya Son My, jimbo la Quang Ngai, Vietnam. Kazi yake ilikuwa kumchokoza adui afyatue risasi ili ijulikane amejificha wapi. Hakuna aliyefyatua. Alichokiona ni maiti za wanawake, watoto na wazee, na mtaro uliojaa watu, baadhi yao bado wakitikisika. Alipoona askari wa miguu wanawaendea raia waliojibanza kwenye handaki, alitua katikati yao. Akawaambia vijana wake wawili, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, kwamba Wamarekani wakiwapiga risasi raia wale, nao wawapige Wamarekani. Akaita helikopta nyingine zije kuwabeba watu. Andreotta akaingia mtaroni, akatoka na mtoto aliye hai.

Kisa hiki, kinachojulikana kwa jina la My Lai, husimuliwa kila inapozungumzwa habari ya ujasiri wa askari, na kinastahili. Ninachokishuku ni matumizi yake. Mara nyingi hugeuzwa fimbo ya kuwachapia waliobaki: mbona Thompson aliweza? Swali ni halali, lakini linaruka jambo moja. Thompson hakuwa mtu wa kikosi cha Luteni William Calley, mmoja wa makamanda wa askari wa miguu waliokuwa wakiua kijijini. Alikuwa na chombo chake, redio yake, wakubwa wake wengine wa kuwaripotia, na mpiga rashasha aliyemwamini. Jioni alirudi kambi nyingine. Hakulala hema moja na watu aliowaelekezea bunduki. Simpunguzii sifa. Cheo chake kilikuwa chini ya cha luteni aliyekabiliana naye pale handakini, na alishuka kwenda kuzungumza akijua risasi ingeweza kutoka upande wowote. Nasema tu kwamba alikuwa na pa kusimama, na ujasiri wa mtu mwenye pa kusimama haulingani na wa mtu ambaye bunduki zote zilizomzunguka ni za wenzake.

Ndani ya kikosi chenyewe nako walikuwepo waliokataa. Askari kama Harry Stanley na Robert Maples walipoamriwa kuwapiga risasi watu waliokusanywa, hawakupiga. Hawakuuawa kwa kukataa, wala hawakupelekwa mahakamani kwa sababu hiyo. Lakini mauaji hayakusimama kwa ajili yao. Hapa ndipo mijadala mingi huchanganya mambo matatu: kukataa mkono wako usitende, kuuzuia mkono wa mwenzako, na kusema baadaye yaliyotendeka. Kila moja lina bei yake, na wapo walioweza moja wakashindwa mengine mawili. Askari mmoja wa pale, Michael Bernhardt, hakuua mtu siku ile. Aliyeibeba habari mpaka kwa wakubwa mwaka mmoja baadaye ni askari mwingine, Ron Ridenhour, ambaye hata hakuwepo kijijini. Alisimuliwa na wenzake, akaandika barua.

Wanaomtetea askari wa chini wana hoja nzito, na haifai kuipuuza kwa kuwa tu tunachukia matokeo yake. Jeshi hujengwa ili kutii kutangulie kufikiri. Mtu anayehoji kila amri huwaponza wenzake, na miezi yote ya mafunzo ni ya kumtoa tabia hiyo. Ongeza hofu na msiba. Kikosi cha Calley kilikuwa kimepoteza watu kwa mabomu ya ardhini wiki chache kabla, kikiuawa na adui asiyeonekana. Ukimfundisha kijana wa miaka 19 kutii bila kuuliza, ukamzika rafiki yake, ukamwambia kijiji kile kimejaa maadui, halafu ukashangaa alichofanya, mshangao wako una unafiki ndani yake.

Hata hivyo hoja hiyo ina mpaka, na kesi inayoonyesha mpaka huo kuliko zote ninazozijua ni ya Dražen Erdemović.

Tarehe 16 Julai 1995, kwenye shamba la Branjevo karibu na Pilica, mashariki mwa Bosnia, mabasi yalikuwa yakishusha wanaume na wavulana waliotekwa baada ya Srebrenica, mji wa Waislamu wa Bosnia, kuanguka mikononi mwa jeshi la Waserbia wa Bosnia. Erdemović, Mkroati wa miaka 23 aliyekuwa akitumikia jeshi hilo, alisema hapigi. Akajibiwa kwamba kama anawahurumia, aitoe bunduki yake, akasimame nao mstarini. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Akapiga. Kwa makadirio yake mwenyewe aliua watu wapatao 70, katika mauaji yaliyomaliza zaidi ya watu 1,000 mahali pale kwa siku moja. Mwaka uliofuata alikiri mwenyewe mbele ya waandishi wa habari, na ushahidi wake ukawa msingi wa mengi tunayoyajua leo kuhusu shamba lile.

Mahakama ya kimataifa kuhusu Yugoslavia ya zamani iligawanyika juu yake. Oktoba 1997, majaji watatu kati ya watano wa rufaa waliamua kwamba kulazimishwa kwa tishio la kifo hakumwondolei hatia kamili askari aliyeua watu wasio na hatia. Kunampunguzia adhabu tu. Askari, walisema, anatarajiwa kustahimili zaidi ya raia wa kawaida. Jaji Antonio Cassese alikuwa miongoni mwa wawili waliopinga. Kwake, sheria isimdai mtu kuwa shahidi wa imani, hasa pale ambapo kifo chake kisingeokoa hata mmoja, kwa kuwa waliosimamishwa mstarini wangeuawa kwa vyovyote. Mwaka 1998 Erdemović alihukumiwa miaka 5.

Nikisoma hoja za Cassese, nakubaliana naye karibu kabisa. Kisha nakumbuka kilichotokea baadaye siku ile ile. Kazi ya shambani ilipokwisha, kikosi kilitakiwa kwenda Pilica kuwaua watu wengine wapatao 500 waliofungiwa kwenye ukumbi wa utamaduni. Erdemović alikataa tena. Safari hii wenzake wachache walisimama naye. Hakuuawa. Kazi ikafanywa na watu wengine, naye akaisikia milio akiwa kwenye mkahawa wa jirani.

Sijui mtu afanye nini na habari hii. Haithibitishi kwamba tishio la asubuhi lilikuwa la uongo. Pengine lilikuwa kweli tupu. Lakini inaonyesha kwamba tofauti kati ya hapana ya asubuhi na ile ya baadaye haikuwa moyo wa mtu. Moyo ulikuwa ule ule, na kwa wakati wa pili ulikwisha kuua. Tofauti ilikuwa wenzake wachache.

Ushahidi wa kwingine unaelekea huko huko. Tarehe 13 Julai 1942, katika mji wa Józefów, Poland, Meja Wilhelm Trapp wa kikosi cha polisi wa akiba nambari 101 cha Ujerumani aliwaeleza watu wake, wapatao 500, kwamba wanakwenda kuua Wayahudi, wakiwemo wanawake na watoto. Akaongeza jambo la ajabu: wazee miongoni mwao wasiojiweza kwa kazi hiyo wajitenge. Waliojitokeza papo hapo walikuwa kumi na kitu tu. Hakuna aliyeadhibiwa. Wengine walijiondoa baadaye, kimya kimya, na wengi wakaendelea mpaka watu wapatao 1,500 walipokwisha. Na katika kesi zilizofuata vita, mawakili waliotafuta mfano wa Mjerumani aliyeuawa au kufungwa vikali kwa kukataa kuua raia wasio na silaha hawakuupata.

Kwa hiyo hofu ya risasi, ingawa ipo, si maelezo ya kila kitu. Mara nyingi kinachomshika askari ni kuwaachia wenzake kazi chafu, kuonekana mwoga, kubaki peke yake katika kundi ambalo kesho litamlinda au litamwacha afe. Hii ni aibu, na aibu si utetezi mahakamani. Ila anayeandaa mafunzo ya jeshi na kuishia kusoma ibara za Mikataba ya Geneva, bila kumfundisha koplo namna ya kusema hapana mbele ya wenzake, amefundisha nusu ya somo.

Tukifika kwenye uwajibikaji, subira inaniishia. Waswahili wana msemo kwamba mkubwa ni jalala, kila taka hutupiwa yeye. Jeshini naona kinyume. Katika sakata la Son My, ambako Vietnam inataja waliouawa 504 na jeshi la Marekani likakadiria 347, walioshtakiwa kwa mauaji au kwa kuyaficha walikuwa takriban 26. Aliyetiwa hatiani ni mmoja, Calley, kwa kuua watu 22. Alihukumiwa maisha, kisha kwa hatua za Rais Nixon na za wakubwa wa jeshi akaishia kutumikia karibu miaka mitatu na nusu, sehemu kubwa akiwa kizuizini nyumbani. Bosi wake, Kapteni Ernest Medina, aliachiwa huru. Kamanda wa brigedi, ambaye uchunguzi wake wa 1968 ulidai raia 20 walikufa kwa bahati mbaya, aliachiwa pia. Meja Jenerali Samuel Koster alishushwa cheo.

Sheria ya leo imejaribu kurekebisha hili. Ibara ya 28 ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), inamfikia kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, asizuie wala kuadhibu. Lakini angalia kesi ya Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa wapiganaji kutoka Kongo, katika mahakama hiyo: alitiwa hatiani Machi 2016 kwa maovu ya wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapewa miaka 18, kisha Juni 2018 rufaa ikamwachia huru, majaji walio wengi wakizingatia, pamoja na mengine, ugumu wa kamanda aliye mbali kudhibiti askari walio nchi nyingine. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Kumfunga mtu kwa cheo chake tu si haki. Ila ukiweka kesi hiyo kando ya ya Erdemović, utaona kitu kisichokaa sawa. Aliyewekewa kifo mbele yake aliambiwa bado alikuwa na wajibu. Aliyekuwa mbali, salama, na mwenye uwezo wa kuwaita watu wake nyumbani, umbali ule ule ukamsaidia.

Na waliosema? Thompson aliripoti siku ile ile, na ripoti yake ilichangia kusimamisha ufyatuaji. Kisha jeshi likampa nishani yenye maelezo ya uongo, eti aliokoa mtoto katikati ya mapambano makali. Aliitupa. Habari zilipofumuka, mbunge Mendel Rivers, mwenyekiti wa kamati ya majeshi ya Bunge, alisema anayestahili kuadhibiwa ni Thompson. Nchini Iraq, Joseph Darby, askari wa Marekani aliyewapa wapelelezi picha za mateso ya wafungwa katika gereza la Abu Ghraib Januari 2004, aliahidiwa kufichwa jina. Miezi michache baadaye Waziri wa Ulinzi wa Marekani akalitaja hadharani mbele ya Seneti. Darby hakuweza tena kurudi kuishi kwao.

Wapo wasemao askari asitoe siri nje, atumie njia za ndani. David McBride, mwanasheria wa jeshi la Australia aliyewapa waandishi nyaraka za vita vya Afghanistan, alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 5 na miezi 8. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotangazwa Novemba 2020, ulikuwa umekuta taarifa za kuaminika za watu 39 waliouawa kinyume cha sheria. Mtetezi wa njia za ndani atakukumbusha, na kwa haki, kwamba McBride alianza akilalamikia askari kuchunguzwa kupita kiasi, si kuachwa. Nakubali, nia yake si safi kama mashabiki wake wanavyodai. Lakini njia za ndani za Son My zilipata mwaka mzima, na zilizaa ile ripoti iliyodai waliokufa ni raia 20 tu.

Mwaka 1998, miaka 30 baadaye, Thompson na Colburn walitunukiwa nishani ya kweli, wakarudi Son My. Andreotta alikwisha kufa vitani, wiki tatu tu baada ya kumtoa yule mtoto mtaroni. Mwanamke mmoja aliyenusurika alimuuliza Thompson kwa nini waliofanya yale hawakuja naye, ili wao wawasamehe. Thompson alisimulia baadaye kwamba yeye mwenyewe hakuwa na moyo wa kusamehe hivyo. Calley aliomba radhi hadharani mwaka 2009, kwenye mkutano wa klabu mjini Columbus, jimbo la Georgia, Marekani.