Nyamazisha kifaa kwanza, ndipo uondoe draiva

Waandishi wa draiva za Linux, programu zinazoendesha vifaa, humwaga jasho kwenye probe, pale kifaa kinapotambuliwa na kuanza kazi. Remove, pale draiva inapoondolewa, huja mwisho, mistari michache ya harakaharaka. Kwangu mimi, umahiri wa mwandishi hupimwa hapo, hasa kwenye intarapti, ishara ambayo kifaa huivutia prosesa.

Wengi hudhani free_irq hunyamazisha kifaa. Hainyamazishi. Huiondoa handla yako, funksheni inayojibu intarapti, kwenye laini inayobeba ishara hiyo, na kusubiri iliyokwisha kuanza kwenye prosesa nyingine imalize, basi. Kifaa chenyewe hakina habari. Kama laini ni ya pamoja, kitaendelea kuivuta huku handla ya kifaa jirani ikijibu kila mara kwamba haihusiki. Intarapti zisizo na mwenyewe zikizidi 99,900 kati ya 100,000, kerneli, yaani kiini cha Linux, huifunga laini nzima, na jirani asiye na kosa hunyamazishwa naye. Kukimbilia disable_irq hakusaidii: nayo huifunga laini nzima na kumfungia jirani huyohuyo.

Anza kwenye rejista ya kifaa, sehemu ndani yake inayopokea amri. Zima intarapti pale, na kwa kifaa cha basi la PCI isome tena rejista, maana ulichoandika chaweza kuwa bado kiko njiani. Ndipo uite free_irq, halafu cancel_work_sync, inayofuta au kusubiri, kwa kazi ambazo handla ilizipanga foleni. Kumbukumbu huachiliwa mwisho kabisa. Ila kuna mtego unaosahaulika sana: kazi ya foleni ambayo kila ikimaliza huziwasha tena intarapti. Hiyo inaweza kubatilisha ulichofanya mwanzo, kimyakimya. Weka mapema, chini ya kufuli, bendera inayosema draiva inaondoka, na kazi iiangalie kabla ya kugusa rejista.

devm_request_irq, inayoomba intarapti na kuiachia kerneli kazi ya kuiondoa, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa inaonekana salama. Vitu vya devm, yaani vile ambavyo kerneli huviachilia yenyewe, huachiliwa baada ya remove kurudi, kwa mpangilio wa kinyume na vilivyoombwa. Ukiita kfree, inayoachilia kumbukumbu, ndani ya remove, handla ingali hai na inaweza kugusa kumbukumbu ambayo si yako tena. Ama kila ambacho handla inakitegemea kiwe cha devm na kiombwe kabla ya intarapti, ama utumie request_irq ya kawaida na uite free_irq kwa mkono wako. Kuchanganya nakupinga kabisa.

Na kabla ya kutuma kiraka, washa CONFIG_DEBUG_SHIRQ, chaguo la kerneli la kujaribu intarapti za pamoja. Kwa laini ya pamoja, free_irq itaiita handla mara moja zaidi, makusudi, baada ya kuiondoa. Draiva inayoanguka kwa mwito huo haijawa tayari kupokelewa.