Aliyefuta Kauli Mwacheni

Jumamosi moja, saa nne usiku, mhazini wa kamati ya harusi ya binamu yangu alibandika orodha kwenye kundi la WhatsApp. Mnazijua orodha hizi: jina, ahadi, kilichotolewa, kilichobaki. Mimi nilikuwa namba 14, ahadi laki mbili, nilichotoa elfu hamsini. Haikupita dakika, mmoja wa wajomba akaandika kitu. Nilipofungua nikakuta ule mstari wa kijivu wenye herufi za kulala: ujumbe huu umefutwa.

Kundi lilikuwa limelala, mstari ule ukaliamsha. "Mjomba, umefuta nini tena?" "Aliyeiwahi aturushie." Shangazi mmoja, ambaye tangu kundi lianzishwe hakuwahi kuandika zaidi ya "Amina", akatuma emoji tatu za macho. Hadi saa sita usiku michango imesahaulika, watu wanajadili meseji isiyokuwepo. Ingeachwa pale pale, nadhani ingepata vicheko viwili na kupita.

Asubuhi mdogo wangu akaja na simu mkononi. "Kaka, nikuonyeshe ya mjomba?" Ningesema hapana, makala hii isingekuwepo. Nikasoma: ahadi za wengine ni za mdomoni, hela ya bia haikosekani. Hakutaja jina. Kwenye orodha wenye deni tulikuwa tisa, lakini mimi nilijiona peke yangu. Siku ya harusi mjomba akaniita mezani kwake, akaniagizia soda, akaniuliza habari za kazi kwa upendo wote. Nikamjibu kwa mkato kama mtu anayedaiwa kodi. Yeye hakujua lolote. Alishafuta, tena ndani ya dakika moja. Mimi ndiye niliyekwenda kuifukua na kuibeba wiki nzima.

Ndipo nikakumbuka kwamba Kiswahili kilikuwa na kufuta kabla simu hazijaja. Bungeni mbunge akiteleza ulimi, Spika humwambia afute kauli yake. Naye husimama: "Mheshimiwa Spika, nafuta kauli." Ukumbi mzima umeshasikia, na redio zimeshatangaza. Hakuna anayedai neno limerudi mdomoni. Anachosema ni kwamba siye tena mwenye neno lile, msimhesabie. Na desturi ni kwamba mjadala unaendelea. Mbunge wa upande wa pili akiamka kesho yake kulirudia neno lililofutwa, anayeonekana mkorofi ni yeye.

Mimi nasema meseji iliyofutwa tuichukulie hivyo hivyo. Mtu kaandika kwa hasira au kwa usingizi, kajisoma, kajirudi. Kule kujirudi ndiko ninakotaka kukuheshimu, maana wengi hawajirudi kabisa.

Na kitufe chenyewe hakina nguvu tunayokidhania. Ukibonyeza "futa kwa wote", simu yako inatuma ujumbe mwingine, wa kimyakimya, unaoiambia simu ya mwenzako iuondoe ule wa kwanza. Ni kama kumtuma mtoto akaichukue barua kwa jirani: akikuta mlango umefungwa, barua inabaki ndani. Mwenzako kama aliupokea wa kwanza kisha bando likakata, ameshausoma na kuukariri wakati wa pili bado unangoja nje. WhatsApp walipokileta kitufe hiki mwaka 2017 walitoa dakika 7 tu za kujirudi. Mwaka uliofuata ikawa zaidi ya saa moja, na tangu Agosti 2022 ni siku 2 na saa 12. Mwaka 2023 wakaongeza kuhariri, dakika 15, ambako mimi naona ndiko kunakofaa zaidi kwa makosa ya vidole. Telegram wao walipitiliza: tangu 2019, kwenye mazungumzo ya watu wawili, yeyote anaweza kufuta chochote pande zote mbili, hata maneno uliyoandika wewe, hata ya miaka iliyopita. Hiyo si kufuta kauli, hiyo ni kumfutia mwenzako kauli yake, na siipendi.

Sasa mdogo wangu aliipataje ya mjomba? Hakuna uchawi. Simu za Android kuanzia toleo la 11 la mwaka 2020 zina historia ya arifa. Ukiiwasha kwenye mipangilio, kila arifa inayodondoka juu ya kioo inatunzwa kwa saa 24. Mjomba alifuta ujumbe, hakufuta arifa. Kwa hiyo anayesoma "vilivyofutwa" anasoma mabaki tu: picha haimo, meseji ndefu inakatika, na kama kundi lilikuwa wazi mbele yake muda ule hakuna kilichodakwa. Na isipowashwa kabla, haina msaada wowote baadaye.

Hiyo ya mipangilio angalau ni ya simu yako mwenyewe. Balaa ni zile programu za kupakua zinazoahidi kurudisha meseji zilizofutwa. Nazo zinategemea mbinu ile ile, zinaomba ruhusa ya kusoma arifa zako. Arifa zako zote, sikiliza vizuri. Ile namba ya kuthibitisha inayotoka benki inaweza kuwemo, salio lililoingia limo, na alichokuandikia daktari kimo. Mtu anampa ufunguo wa nyumba asiyemjua ili tu aambiwe wifi alifuta nini. Wengine wameweka WhatsApp za kughushi, zile ziitwazo GB WhatsApp, kwa sababu zinazuia kufutwa. Hizo si za kampuni yenyewe, na akaunti inaweza kufungiwa kwa kuzitumia. Nimeona mtu akifungiwa na kulia kuwa namba yake ya biashara imekufa. Nilimpa pole, lakini sikushangaa.

Najua swali linalokuja. Je, wanaofuta ili kuficha? Wapo. Muuzaji anakuahidi kwa maandishi kwamba friji ni mpya, hela ikishaingia maandishi yanayeyuka. Mdaiwa anaikana ahadi yake. Mwanamke anatishiwa usiku, asubuhi kunabaki mistari ya kijivu. Hapo sitetei mtu. Penye pesa na penye vitisho, piga skrinishoti papo hapo, kabla hujajibu, na simu yenyewe usiiguse wala kuiuza. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama inapokea ushahidi wa namna hii, ila inaangalia umetunzwaje na kama unaaminika. Picha ya picha iliyopita kwa watu watano haina uzito wa simu yenye mazungumzo yenyewe. Lakini tuseme ukweli, ile hamu ya Jumamosi usiku kwenye kundi letu haikuwa ya ushahidi. Ilikuwa umbea.

Kinachoniuma ni kwamba juhudi yote hii tunaielekeza kwenye maneno ya wengine, na ya kwetu tunayaacha yapotee hivi hivi. Mwaka jana simu ya dada yangu ilijaa, ikawa haipigi hata picha. Akaanza kufuta mazungumzo marefu, na refu kuliko yote lilikuwa la mama. Mama alishafariki. Dada alidhani anapunguza picha tu, akafuta mazungumzo yote. Alikuja kushtuka baada ya wiki tatu.

Angewahi siku ile ile, kulikuwa na njia. WhatsApp kwenye Android inajitengenezea nakala kila siku saa nane usiku na kuiweka kwenye simu, nakala za siku chache zilizopita zinabaki. Unaiondoa programu, unaiweka upya, unakubali kurejesha. Utapoteza vilivyoingia baada ya nakala ile, lakini cha zamani kinarudi. Baada ya wiki tatu, nakala zote zilizopo hazina tena mazungumzo ya mama. Kampuni haikusaidii, kwa sababu ujumbe ukishafika kwa mwenyewe haibaki nao. Fundi mmoja alimwambia dada alete elfu themanini, atazirudisha "kwa kompyuta". Nilimkataza. Hifadhi ya simu za siku hizi imefungwa kwa usimbaji, yaani imeandikwa kwa mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo, kilichofutwa humo hakizolewi kwa waya na maneno matamu.

Ila mama hakuwa mtu wa kuandika, alikuwa mtu wa sauti. Na dada, kwa bahati, hakuweka tiki kwenye kile kisanduku kinachouliza kama ufute na mafaili. Tukaingia kwenye mafaili ya simu, kwenye folda ya sauti za WhatsApp, zimepangwa kwa mwaka na wiki: 202114, 202115, hivyo hivyo. Ndani yake majina makavu, PTT, tarehe, namba. Hazijatenganishwa kwa mtu. Ikabidi tusikilize moja moja, sebuleni, chaja ukutani. Bodaboda: "Nimefika getini." Fundi seremala anaomba nauli. Mhazini wa vikoba. Bodaboda tena. Halafu, bila kubisha hodi, mama anakohoa kidogo kabla ya kuanza, kama kawaida yake.

Zilikuwa 31. Nyingi ni za sekunde chache, umekula, mtoto anaendeleaje, umeme umerudi. Moja ilikuwa ya dakika mbili, anamlalamikia mtu kwa ukali kuhusu mkaa mbichi, gunia zima, na hela anaitaka. Tukatazamana. Iliyofuata ikajieleza yenyewe, maana mama hakuwahi kujifunza kitufe cha kufuta, alikuwa anafuta kwa mdomo: "Mwanangu, hiyo iliyopita usiisikilize, nimekosea, ni ya yule mama wa mkaa."

Dada akairudisha nyuma, tukaisikiliza tena ile ya mkaa.